Kikombe cha Nguzo ya Thelathini na Moja

Harufu ndiyo iliyonipokea mlangoni mwa stoo. Ilikuwa ile dawa nyeusi waliyokuwa wakipaka nguzo za simu, inayonuka kama lami iliyopigwa na jua, na nilipoisikia nilijua sanduku liko kona gani kabla sijawasha tochi. Tulikuwa tumemzika baba kwao Upareni, kando ya mama, kisha tukarudi Babati kufunga nyumba ya Nangara. Kwa siku nane nilikuwa nimepokea wageni, nimepakua chakula, nimerudisha masufuria ya kuazima yakiwa kamili pamoja na mifuniko yake. Kila aliyenishika mkono aliniambia nijikaze, nami niliitikia, ingawa kusema kweli hapakuwa na kitu cha kukaza. Sikuwa nimetoa hata chozi moja. Shangazi alinitazama usoni muda mrefu akasema, "Huyu mtoto ameganda." Nilimkubalia kimoyomoyo, maana ndivyo nilivyokuwa nikijisikia.

"Dada, haya mavikombe ni ya nini?" aliuliza binamu yangu, ameinama juu ya sanduku. "Tuyatupe?"

"Subiri kwanza," nikamwambia.

Kama wewe ni wa rika langu na ulikulia bara, vikombe hivyo unavifahamu. Ni vile vilivyokuwa vikikaa juu ya nguzo za simu, vimefungiwa waya shingoni, vingi vya kauri nyeupe na vichache vya kioo cha kijani. Mafundi waliviita insuleta. Sisi watoto wa Nangara tuliviita vikombe vya simu, na wavulana wengi walijifunza kulenga manati kwa kuviponda. Nilichukua kimoja, nikapitisha kidole ukingoni, nikajua ni cha nguzo ya tisa. Kingine kilikuwa cha nguzo ya ishirini na mbili. Nilikuwa nimedhani nimeshasahau vyote, kumbe mikono ilikuwa na habari zake yenyewe.

Baba alikuwa fundi wa laini za simu. Alihamishiwa Babati mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni, na nilikuwa darasa la pili mji wetu ulipofanywa makao makuu ya mkoa mpya. Mabango yalipakwa rangi upya. Watu wa ofisini walishuka kutoka kila upande wakiwa na magodoro juu ya malori, vyumba vya kupanga vikawa vya kugombania, na mwenye kiwanja chochote akaanza kutembea polepole kama mtu mwenye mambo mengi kichwani. Shuleni mwalimu alituandikisha "Mkoa wa Manyara" mara hamsini, ili mkono uzoee kuiacha Arusha. Mimi niliandika mara hamsini na mbili, nikiamini mwalimu atahesabu, na hakuhesabu.

Kwa sababu ya kazi ya baba, nyumbani kwetu kulikuwa na simu. Ilikuwa nyeusi, nzito, imekaa juu ya stuli na kufunikwa kitambaa alichokifuma mama. Majirani walikuja kupokea simu zao pale. Walisimama wima kama wako kanisani na kuzungumza kwa kelele hata waliokuwa barabarani wakajua nani amejifungua na nani amefeli. Mama aliwapa maji ya kunywa wakimaliza. Alisema kupiga kelele namna ile kunakausha koo.

Mwaka huo huo mama akaugua. Alipelekwa hospitali ya mbali, na kabla hajaondoka aliniachia maagizo matatu: nisiende ziwani, nimsikilize Mama Paskali, na Jumamosi nikae karibu na simu kwa sababu atanipigia. Alipiga Jumamosi mbili. Ya kwanza aliniuliza kama nimesukwa. Ya pili sauti yake ilikuwa imepungua, akaniuliza jambo lile lile, nami nikamjibu vile vile kwamba Mama Paskali amenisuka lakini amenivuta sana. Jumamosi ya tatu nilikaa karibu na simu mpaka ikafika saa ya kwenda kukoga, na simu haikulia.

Yaliyofuata niliyaona yote, na hakuna hata moja nililolielewa. Nilikuwa nimeshikwa na tetekuwanga, nimepakwa ile dawa ya rangi ya waridi kuanzia usoni hadi miguuni. Baba aliondoka alfajiri na mjomba bila kuniaga, mimi nikaachwa kwa Mama Paskali. Huyu alikuwa jirani yetu, mama wa Kimbulu aliyeuza maziwa na kuchana nywele za watoto bila huruma. Siku ile hakuuza maziwa. Wamama wakaanza kuingia uani kwake wakiwa wamejitanda khanga, wameshika unga, sukari, maharage. Kila mmoja alinijia, akaniinamia, akasema, "Pole sana mwanangu," na wengine machozi yalikuwa yanawatoka.

Nilidhani ni pole ya tetekuwanga. Sikuwa nimejua kwamba ugonjwa wangu ni mkubwa kiasi kile, nikajiona mtu muhimu. Nikaanza kuwaonyesha vipele bila kuombwa. "Hata hapa vipo," nilimwambia mama mmoja, nikiinua gauni nimwonyeshe tumbo, na yeye akafunika mdomo akakimbilia nyuma ya nyumba. Nikajua anaogopa kuambukizwa.

Baba alirudi baada ya wiki mbili akiwa amenyolewa upara. Nilimwuliza kama na yeye tetekuwanga imemshika kichwani. Alikaa kitini akavua viatu, akabaki amevishika mkononi.

"Baba, mama anarudi lini?"

"Bado yuko kule."

"Mbona hapigi simu?"

Akaitazama simu juu ya stuli. Siku hizo mtoto alikuwa haambiwi msiba. Mtu mzima akifa, mtoto huambiwa amesafiri, anaachwa akue hadi atakapojua mwenyewe. Baba naye alifanya kama wengine walivyofanya, ila yeye aliongeza na ufundi wake. Alisema neno ambalo kila siku aliwaambia waliomlalamikia kazini.

"Laini ni mbovu, mama," alisema. Mama ndiyo jina aliloniita mimi, kama wababa wengi wanavyowaita binti zao. "Kuna kikombe kimevunjika huko njiani."

Kesho yake nikataka kujua kikombe kinafanya kazi gani. Alileta kimoja cha kioo kutoka stoo, akakiweka kwenye kiganja changu. Kilikuwa kizito kuliko nilivyotegemea, na baridi. "Waya unabeba sauti," alisema. "Nguzo imesimama ardhini. Mvua ikinyesha, nguzo ikalowa, na waya ukiwa unaigusa, sauti inateremka na nguzo inaingia ardhini. Inapotea. Sasa hiki kikombe kinakaa katikati, waya usiguse nguzo."

"Kikivunjika?"

"Sauti haifiki."

Maneno hayo niliyachukua yalivyo. Kwa hiyo mama alikuwa akipiga kila Jumamosi kama alivyoahidi, na maneno yake yalikuwa yakimwagika mahali fulani kati ya mjini na Nangara. Kutoka kituo cha simu hadi nyumbani kwetu kulikuwa na nguzo arobaini na sita, kila moja ina kibati chenye namba. Nilianza kuzipitia nikitoka shule, shingo juu, begi mgongoni. Kwenye nguzo kadhaa nililaza sikio chini nisikilize kama bado kuna kitu, na nilichopata ni siafu. Jioni nilimpa baba taarifa. "Nguzo ya tisa, kikombe cha kulia kimemeguka ukingo. Cha kumi na nne kimepasuka." Alikuwa anakula. Tonge lilibaki mkononi mwake hadi likapoa.

Jumamosi alichukua mkanda, vyuma vya kupandia, vile vyenye meno vinavyofungwa miguuni, na ndoo ndogo, tukaenda wote. Alipanda nguzo ya tisa, akafungua kikombe kibovu, akafunga kizima, akanishushia kile kibovu ndani ya ndoo kwa kamba. Wiki iliyofuata tukaenda ya kumi na nne. Nilikuwa sekondari nilipokuja kujua kwamba laini ile ilikuwa imeshaachwa. Mkoa mpya ulikuja na nyaya mpya zilizofukiwa chini kando ya barabara kuu, na baba akiwa kule Upareni, wenzake waliikata laini yetu pale mjini. Alipanda nguzo zile siku zake za mapumziko, akitumia vikombe vya akiba, akatengeneza laini iliyokufa kwa sababu binti yake wa miaka minane alikuwa amemletea taarifa.

Vile vibovu vikawa vyangu. Nilivisugua kwa majivu na maji ya vuguvugu hadi ule weusi ukatoka, nikavipanga ukutani barazani, na baba akanifundisha kuvitambua. Kwanza rangi. Kisha unatazama utosini na chini ya ukingo kama pana alama. Kisha unaingiza kidole ndani kuhesabu mizunguko ya hesi, pale kinapokaa kwenye pini ya chuma. Vya kioo unaviinua juani utafute viputo na ule mshono ulioachwa na kalibu. Nilikuwa na vya kioo saba tu, na kila kimoja kilikuwa na kijani chake. Niliweza kufumba macho Mama Paskali akanipa chochote, nikakitaja kwa kukipapasa. Yeye aliona ni jambo la kumpeleka mtoto kwa padre.

Pale Babati kitu chochote cha zamani kisicho na mwenyewe huwa ni cha Mjerumani, iwe daraja, mti au shimo. Habari za vikombe vyangu zilipoenea, akaja jirani mmoja aliyekuwa dalali wa madini, akaomba aone vya kijani. Alimulika kimoja kwa tochi yake ndogo, akakigeuzageuza, akapumua kwa nguvu. "Hii ni chupa," alisema, akanirudishia. "Lakini ni chupa nzuri." Baba alicheka, na ndicho kicheko chake pekee ninachokikumbuka cha mwaka ule. Alinionyesha chenye picha ya taji akasema hicho ni cha Mwingereza. Kisha akachukua kimoja cha rangi ya maziwa, herufi zake zimefutika, akasema hicho huenda ni cha Mjerumani kweli. "Ila usimwambie mtu," aliniambia. "Watakuja kuchimba nguzo."

Nilikuwa na daftari. Kila kikombe kilikuwa na mstari wake: namba ya nguzo, aina, alama, na mwisho kabisa, aliyevunja. Sehemu hiyo ya mwisho aliiongeza baba. Alisema fundi hatakiwi kuandika kimevunjika tu kama vile kimejivunja, lazima aseme nani. Jiwe la manati hung'oa kipande cha ukingo, chenye umbo la mwezi mchanga. Kutu ya pini huvimba ndani, ikakipasua kikombe kutoka shingoni kwenda chini. Radi huacha weusi usiosuguliwa ukatoka. Basi nikawa naandika: jiwe, kutu, jiwe, jiwe, radi. Chini ya kila mstari baba aliandika "Imepokelewa" akaweka sahihi, kama walivyofanya kazini taarifa inapoletwa. Kwenye kila kikombe tulibandika kipande cha plasta nyeupe ya vidonda, tukarudia maelezo hayo kwa kalamu ya wino.

Kwa namna hiyo tukamaliza masika na tukaingia kiangazi. Siku za kazi baba alikwenda laini za vijiji vya Sigino na Mutuka, zile zilizokuwa bado hai, na Jumamosi alikuwa wangu. Hatukumtaja mama. Sikuona haja, kwa kuwa kila tulichokifanya kilikuwa kwa ajili yake, na nilidhani baba anaona hivyo hivyo. Ijumaa moja nilizipitia nguzo zote arobaini na sita, nikazirudia, nikakuta kimebaki kikombe kimoja tu, cha nguzo ya arobaini na nne, karibu kabisa na kwetu. Nilirudi mbio. Mama Paskali alikuwa uani ameleta maziwa.

"Baba, kimebaki kimoja," nilisema. "Kesho tukibadilisha kile, mama anapiga."

Mama Paskali alikuwa akimimina maziwa kwenye sufuria. Aliyamimina hadi yakafurika chini.

"Baba Naomi," alisema taratibu, "huyu mtoto."

"Najua," alijibu baba.

Jumamosi asubuhi baba hakuwepo nilipoamka. Nilimsubiri barazani na daftari langu. Alirudi jua likiwa limeshapanda, akasema alikuwa ameitwa kazini, akanawa mikono muda mrefu. Tulikwenda nguzo ya arobaini na nne, akabadilisha kikombe. Nilimwambia mimi nitapitia laini mara ya mwisho kuhakikisha, maana hivyo ndivyo alivyonifundisha, kwamba kazi haijaisha hadi umeikagua. Aliniambia niende.

Kwenye nguzo ya thelathini na moja hapakuwa na kikombe cha kulia. Vipande vyake vitatu vilikuwa kwenye nyasi, chini ya nguzo.

Jana yake kilikuwa kizima. Nilikuwa nimekiona, nilikuwa nimeandika kizima. Niliokota vile vipande nikaviunganisha mapajani, nikijua nitakuta mwezi mchanga wa manati, na nikaanza kuchagua wa kumshtaki kati ya wavulana wa mtaani. Lakini ukingo ulikuwa mzima wote. Hapakuwa na kutu wala weusi. Utosi ndio uliokuwa umepondwa, kutoka juu, na juu ya ile kauri nyeupe palikuwa na mkwaruzo wa kijivu ulioachwa na chuma. Niliitazama nguzo. Ilikuwa moja ya zile ambazo hatukuwahi kuzipanda, kwa sababu vikombe vyake havikuwahi kuharibika. Sasa ilikuwa na matundu mapya, mawili mawili, kutoka chini hadi juu, na mti ndani ya matundu ulikuwa bado mweupe. Hakuna mvulana aliyekuwa na vyuma vya kupandia pale Nangara. Mwenye navyo alikuwa mtu mmoja.

Sikulia. Ninakumbuka nilitegemea kulia, nikasubiri, na badala yake nikahisi kitu ndani yangu kikitulia kabisa. Nilikaa pale kwenye nyasi nikafanya hesabu yangu ya mtoto. Baba ndiye aliyekivunja. Kikombe kikivunjika sauti haifiki. Kwa hiyo baba hataki mama apige simu. Niliona inaeleza kila kitu: kwa nini hamtaji, kwa nini aliondoka na mjomba bila kuniaga, kwa nini mama harudi.

Vile vipande nilivifunga kwenye sketi ya michezo iliyokuwa ndani ya begi langu, nikavificha chini ya mawe yaliyobeba pipa la maji nyuma ya nyumba. Kisha nikaingia ndani.

"Namba thelathini na moja kimevunjika," nilisema.

Baba alikuwa anapiga viatu rangi. Hakuinua kichwa. "Ni hawa watoto na manati zao," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Lete daftari nitie sahihi."

"Nimelisahau shule," nikamjibu, na daftari lilikuwa ndani ya begi, begi liko begani.

Tulibadilisha kile cha thelathini na moja. Baada ya wiki mbili kikavunjika cha kumi na saba, kisha cha arobaini. Niliripoti kila kimoja, yeye akapanda, nami nikashika kamba. Vipande vya hivyo sikuviokota. Nilimchukia baba yangu mwaka ule, na ilikuwa chuki tulivu yenye adabu. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mama, nikamtengea maji ya kunawa. Mtu wa nje angesema binti huyu ametulia sana. Walimu walisema hivyo.

Kuhusu mama nilikuja kujua darasa la tatu, saa ya mapumziko. Kulikuwa kumeletwa masweta ya msaada kutoka kanisani, na mwalimu alisoma majina ya wanafunzi waliofiwa na mzazi ili wapange mstari. Jina langu lilikuwa la nne. Nilisimama, nikapanga mstari, nikapimwa mabega, nikapewa sweta la bluu lenye vifungo vinne. Mwenzangu wa nyuma alinyoosha kola yangu iliyokunjika. Nilikumbuka tu yule mama niliyemwonyesha vipele vya tumboni, nikaona aibu, na nadhani aibu ile ilikuwa kubwa kuliko huzuni.

Baba alinikuta barazani nimelivaa.

"Umepewa shule?"

"Ndiyo."

"La nini?"

"La waliofiwa."

Aliketi kwenye ngazi, mgongo wake ukiwa kwangu. Vikombe vilikuwa vimepangwa ukutani upande wa pili, na wote wawili tukawa tunaviangalia.

"Linakutosha?" aliuliza.

"Mikono ni mirefu."

"Utakua," alisema.

Hayo ndiyo mazungumzo yote tuliyowahi kuyafanya, mimi na baba yangu, kuhusu kifo cha mama. Jumamosi iliyofuata hakuchukua mkanda na mimi sikwenda kukagua. Nguzo zilikuja kukatwa moja baada ya nyingine, zikawa mihimili ya mabanda ya ng'ombe. Mnara wa simu za mkononi ulisimama, na watu wakawa wanapanda kichuguu kutafuta mtandao. Vikombe viliondolewa ukutani nikiwa darasa la sita, sijui na nani. Siku moja nilikwenda nyuma ya nyumba kutazama chini ya mawe ya pipa na sikukuta kitu, nikadhani ni mvua au panya.

Nilisoma, nikapata kazi Dodoma, nikawa nampigia baba simu kila Jumapili. Tuliulizana afya, mvua, bei ya mahindi. Nikiwa mtu mzima nilielewa kwa nini alikivunja. Laini ingekamilika jioni ile, nami ningekaa karibu na simu, na yeye angelazimika kusema. Alikuwa ananunua wiki mbili, kisha wiki mbili nyingine. Haya yote niliyaelewa vizuri, ningeweza hata kumweleza mtu mwingine aliye katika hali kama yangu. Ila kuelewa kulikaa kichwani tu. Nilipomwona sikuhisi ubaya wala uzuri, na hata siku aliyofariki niliuliza kwanza gari la kusafirishia mwili litatoka saa ngapi.

Sasa nilikuwa nimepiga magoti stoo, nikivitoa kwenye sanduku kimoja kimoja. Vilikuwepo vyote saba vya kioo. Kilikuwepo cha Mjerumani tusichotakiwa kumwambia mtu. Plasta zilikuwa zimegeuka rangi ya chai, mwandiko wangu wa darasa la pili ukiwa bado unasomeka: jiwe, kutu, jiwe. Mama Paskali, ambaye sasa anatembea na fimbo, alikuwa amekaa kwenye stuli mlangoni, ile stuli ya simu, akinitazama. Chini kabisa, kwenye kona, palikuwa na kitu kilichozungushiwa tepu nyeusi ya umeme. Nilikiinua kwenye mwanga.

Kilikuwa kikombe cheupe cha kauri, vipande vitatu vilivyounganishwa kwa gundi na kufungwa tepu, utosi umepondwa. Kipande cha plasta kilikuwa ubavuni mwake, na mwandiko haukuwa wangu. Ulikuwa ule wa baba, wa herufi kubwa zilizosimama mbalimbali, kama alivyoandika taarifa za kazini.

NGUZO 31. KAURI NYEUPE. ALAMA: TAJI. ALIYEVUNJA: BABA.

Plasta yake ilikuwa na rangi ile ile ya chai kama zangu. Haikuwa ya juzi wala ya mwaka jana. Aliviokota vile vipande chini ya mawe mimi nikiwa bado mtoto, akaona vilivyofungwa ndani ya sketi yangu, akajua kwamba ninajua. Alijua nilipomwamkia asubuhi. Alijua kila Jumapili tulipozungumzia mahindi. Aliandika taarifa yake kama alivyonifundisha, akaiweka mahali nitakapoikuta, na katika miaka yote ile mimi sikuwahi kufungua sanduku.

"Umepata nini, Naomi?" Mama Paskali aliuliza.

Nilimsomea. Alichora chini kwa ncha ya fimbo.

"Alinionyesha hicho," alisema. "Nikamwambia, mwambie mtoto. Akasema, nimeshamwandikia, siku moja atakisoma."

Nilimwomba binamu yangu kalamu. Ilinibidi niilaze plasta vizuri juu ya goti, kwa kuwa ilikuwa imekauka na wino haukutaka kushika, na kwa kuwa sikuwa naona sawasawa. Machozi yalikuwa yanadondoka juu ya kikombe, yakiteremka kwenye ile tepu, na sikuyazuia. Chini ya mwandiko wa baba niliandika "Imepokelewa," nikaweka sahihi.